Binti na kifimbo: shajara ya nakala moja

3 Mei

Kazi yangu ya kila siku ni mabango. Kinyozi, duka la dawa, gereji, chekechea yenye sungura ukutani. Huu ni mwaka wa 19 hapa Tanga, na mkono wangu unazijua herufi kuliko unavyozijua nyuso za watu. Mwaka huu nimejipa kazi ya pembeni: kunakili mchoro mmoja wa rangi ya mafuta, polepole mpaka mwisho, na kuandika humu kila nitakachofanya pamoja na nitakachoharibu.

Mchoro ni wa Camille Pissarro, wa mwaka 1881, na uko Paris katika makumbusho ya Orsay. Wafaransa wanauita Jeune fille à la baguette, binti mwenye kifimbo. Wengine huuita La Bergère, yaani mchungaji wa kike. Binti wa shamba ameketi kwenye mteremko wenye majani, kavaa buluu, kichwa kainamisha, mkononi ana kifimbo chembamba. Basi, hakuna zaidi. Nyuma yake ni majani mpaka juu kabisa, anga haipo.

Nilitaka kwanza kuchukua ule wa Berthe Morisot wa 1891, wa mchungaji aliyejilaza nyasini, aliouchora akiwa Mézy. Nikaogopa. Brashi ya Morisot inakimbia, na ukiikimbiza bila kuwa na mkono wake utaishia kwenye mikwaruzo mitupu. Pissarro anajenga kama mtu anayekandika nyumba ya udongo, tonge kwa tonge. Kukandika naweza. Au ndivyo ninavyojidanganya leo.

Kuna sababu nyingine ambayo mafundi wenzangu sijawaambia. Nilichunga mbuzi Kondoa mpaka nilipomaliza darasa la saba. Nilipouona mchoro huu mara ya kwanza kwenye simu, jicho halikwenda usoni wala kwenye majani. Lilikwenda kwenye fimbo. Imeshikwa na mtu ambaye zamu yake haijaisha.

4 Mei

Vipimo. Mchoro wa asili una takriban sentimita 81 kwa 65. Si kipimo cha kubahatisha: wauza kanvasi wa Ufaransa walikuwa na saizi zenye namba, na hiyo ilikuwa namba 25 ya picha za watu. Pissarro aliinunua dukani kama mimi ninavyonunua karatasi ya bati.

Wanaonakili picha kule makumbusho ya Louvre, Paris, wana sharti lao: nakala isilingane na picha ya asili, izidi au ipungue angalau sehemu moja ya tano, na sahihi ya mchoraji isiigwe. Hapa kwangu hakuna mlinzi wa kunitoa nje, lakini sharti limenipendeza. Nimepunguza moja ya tano. 65 kwa 52.

Fundi seremala wa jirani amenipigia fremu ya mninga chakavu uliobaki kwenye kitanda cha mtu. Kitambaa ni marekani, ile nzito isiyopaushwa. Mwenye duka aliuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, nachora, akanipunguzia bei kwa furaha. Shuka hizi zilipata jina kwa sababu karne ya 19 meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikizishusha Unguja kwa marobota. Zilifika kwa ajili ya nguo, na wengine tumekuja kuzipaka rangi.

10 Mei

Nimeharibu. Kabla ya rangi kitambaa lazima kipakwe tabaka la chini, la sivyo mafuta yatakila. Nilichanganya gundi nyeupe ya seremala na unga wa chaki, nikapaka kwa ukarimu wa fundi wa ukuta. Masika haijaondoka, kibanda kinanuka unyevu, na tabaka lilikauka juu huku chini likiwa bichi. Leo nimegusa kwa kidole, limepasuka kama ardhi ya lambo wakati wa kiangazi.

Nimelibandua lote, nimefua kitambaa, nimekaza upya. Safari hii tabaka tatu nyembamba, moja kwa siku, na msasa katikati.

Usiku paa likavuja juu ya meza. Nilikuwa tayari kulalamika, kisha nikakumbuka yaliyompata Pissarro mwenyewe. Vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 ilimkuta anaishi Louveciennes, karibu na Paris, akakimbilia London. Askari wa Prussia wakakaa nyumbani kwake. Aliporudi alikuta kazi zake za miaka mingi zimetandikwa bustanini wapite juu yake wasikanyage matope. Husemwa kwamba katika michoro kama 1,500 zilibaki kama 40. Nimesogeza meza, nimeweka ndoo, nimelala.

17 Mei

Rangi zimefika kutoka Dar es Salaam kwa basi, ndani ya boksi la biskuti.

Hapa lazima nieleze jambo, maana kila anayepita kibandani ananiuliza. Kwetu mafundi, "rangi ya mafuta" ni ile ya kopo, ya milango na mageti, inayong'aa na kukauka kabla ya kesho. Hii ya tyubu ni jamaa tofauti. Ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya kitani, haing'ai sana, na hukauka inapojisikia. Siku tano, wiki mbili, inategemea rangi yenyewe na unene wake. Bila tyubu huenda picha za namna hii zisingekuwapo. Mpaka Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati mwaka 1841, rangi iliuzwa ndani ya vibofu vya nguruwe vilivyofungwa uzi. Ukishatoboa, huwezi kuziba vizuri. Jaribu kubeba hivyo mgongoni hadi mteremkoni, ukachore jua kabla halijahama.

Nimenunua saba. Nyeupe ya titani, kwa kuwa nyeupe ya risasi waliyotumia wao ni sumu na siitaki karibu na watoto. Njano mbili, moja ya limau na moja iliyoiva. Nyekundu kali. Nyekundu ya zabibu. Buluu ya ultramarini. Na viridiani, kijani baridi chenye hataza ya Ufaransa ya 1859. Kobalti nimeiacha dukani. Kwa bei ya tyubu moja ningepaka mabango mawili na chenji ibaki.

Nyeusi sikununua kwa makusudi. Kule Williamstown, Massachusetts, Taasisi ya Clark imehifadhi ubao wa kuchanganyia rangi wa Pissarro mwenyewe. Pembezoni ameacha mabonge ya rangi: nyeupe, njano, nyekundu, zambarau, buluu, kijani. Katikati, kwa mabonge hayohayo, kachora mandhari nzima ya shamba na wakulima, na haina nyeusi hata tone. Kwa mwandika mabango kunyimwa nyeusi ni kama mpishi kunyang'anywa chumvi. Tutaona.

19 Mei

Nimechapisha picha steshenari mbili tofauti ili nilinganishe. Ya kwanza binti ana homa ya manjano. Ya pili amezama kwenye bahari ya buluu. Zote kutoka faili moja. Nimeamua kuziweka zote ukutani, nitembee katikati yake, na pale zinapopingana nitauliza simu, ambayo nayo ina uongo wake.

Nimepiga miraba kwenye kitambaa kwa penseli na kuhamisha umbo. Kazi ya saa moja, hii ndiyo sehemu ninayoijua.

24 Mei

Siku ya kwanza ya rangi. Na kosa la kwanza la kweli.

Mzee aliyenifundisha brashi alikuwa mtu wa mkono wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, lakini mkono wake bado unatembea nchi nzima: hadibodi, rangi za kopo zilezile za baiskeli na milango, usuli wa rangi moja kwanza, subiri ukauke, mnyama juu yake, kisha mistari na nukta. Kila kitu kina mpaka wake, na chui haingiliani na mti. Ni mkono mzuri, umenilisha.

Basi leo nilianza hivyohivyo. Nikajaza usuli wote kijani, nikaacha umbo la binti jeupe katikati, nikasubiri. Jioni nilipotazama, nilikuwa na stika. Binti aliyekatwa kwa mkasi akabandikwa kwenye jani la mgomba.

Miaka 15 hivi baada ya mchoro huu, Pissarro alimshauri kijana mmoja mchoraji, Louis Le Bail, na ushauri ukahifadhiwa. Kwa maneno yangu: usifunge mipaka ya vitu, acha brashi yenye rangi sahihi na uzito sahihi wa mwanga ndiyo ichore umbo. Na usifanye kipande kimoja ukakimaliza kisha ukaenda kingine. Fanya vyote pamoja, maji na anga na matawi na ardhi, vipande vikue kwa mwendo mmoja. Ni kinyume kabisa cha kila nilichofundishwa. Nimekwangua kijani chote kwa kisu.

31 Mei

Kijani. Wiki nzima kijani.

Nilifikiri mchoro huu una kijani kingi. Nimekaa na ile faili niliyoikuza mpaka brashi moja moja inaonekana, nimegundua kijani chenyewe ni kidogo kuliko nilivyodhani. Kuna njano, kuna buluu, kuna rangi ya waridi iliyofifia, kuna zambarau kwenye vivuli, kuna wekundu wa udongo unaochungulia. Vyote kwa brashi fupifupi zinazopishana kama msuko wa ukili. Ukirudi hatua nne, jicho linasema majani. Ukisogea, majani yanatawanyika.

Viridiani ikitoka kwenye tyubu ni ya kikatili. Inafanana na chupa ya soda. Nilipoipaka hivyo, mteremko wa Pontoise, mji alikoishi Pissarro, ukageuka uwanja wa mpira wa plastiki. Ikichanganywa na njano iliyoiva na punje ya nyekundu inatulia. Ikilazwa karibu na waridi inapata uhai. Nimejaza daftari la majaribio: vijani 22, kila kimoja na mchanganyiko wake pembeni. Vingine nimevipa majina maana namba nasahau. Chanikiwiti cha asubuhi. Mchicha uliolala. Embe dodo bichi. Kisamvu.

Na jambo moja la lugha limenisaidia bila kutarajia. Mzungu ana neno la jani la mti na neno jingine la nyasi. Sisi vyote ni majani. Hata ya chai ni majani. Pissarro naye kachora hivyohivyo. Kichaka cha nyuma na nyasi alizokalia binti ni kitambaa kimoja, brashi ileile, urefu uleule, na hujui pembe gani ardhi inaisha na kichaka kinaanza. Niliacha kutafuta mpaka ambao yeye hakuuweka, kazi ikaanza kwenda.

7 Juni

Gauni. Nilidhani ni buluu. Ni buluu, ila ndani yake kuna kijani cha majani ya jirani, na kwenye kivuli kuna zambarau. Ultramarini tupu iligeuka sare ya shule. Nimeongeza waridi na nyeupe, afadhali.

Kilichonishangaza ni kwamba brashi za gauni na brashi za majani ni za saizi moja. Uso pia. Hajampendelea binti kwa kumpa brashi laini. Kwenye mabango yetu uso wa mteja ndio unaopewa siku mbili na nguo zinamaliziwa kwa dakika kumi.

8 Juni

Mvua. Hakuna kilichokauka. Nimeandika bango la mganga.

11 Juni

Usiku wa kusoma, kwa sababu brashi zimegoma.

Pissarro hakuwa mtu wa Pontoise kwa kuzaliwa. Alizaliwa 1830 Charlotte Amalie, kisiwa cha Saint Thomas, enzi hizo chini ya Denmark, leo chini ya Marekani. Mtoto wa bandarini, mwenye duka, Myahudi. Akasomeshwa Ufaransa, akarudi kisiwani, akatoroka na mchoraji wa Denmark kwenda Venezuela. Pontoise, mji mdogo juu ya mto Oise, kaskazini magharibi ya Paris, aliishi kwa muda mrefu zaidi kati ya 1872 na 1882. Hapo ndipo mchoraji mwenzake Cézanne alipomfuata ajifunze mandhari. Katika maonyesho yote manane ya kundi lao, wale walioitwa Waimpresionisti, kuanzia 1874 hadi 1886, ni yeye peke yake ambaye hakukosa hata moja.

Miaka mingi watu katika picha zake walikuwa vijidoa barabarani. Karibu na 1880 akawasogeza mbele mpaka wakajaa kanvasi, naye ana miaka 50. Mwaka 1882, kwenye maonyesho ya saba, alipeleka wakulima wengi kiasi kwamba wakosoaji wakaanza kumtaja Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima aliyemtangulia. Ikamkera. Alimwandikia rafiki yake Duret kwamba wote wanamrushia Millet kichwani, ilhali Millet ndiye wa Biblia, na yeye Pissarro, kwa Myahudi, hana ya Biblia mengi. Nilicheka peke yangu kibandani.

Kisha nikaenda kumtazama huyo mchungaji wa Millet wa mwaka 1864, maana naye yuko Orsay. Amesimama uwandani, anafuma, kondoo wamesongamana nyuma yake na mbwa pembeni, na juu yao anga kubwa lenye mwanga kama la kanisani. Ni picha nzuri sana, siwezi kuisema vibaya. Lakini yule binti ni sala. Ukimtazama unataka kuvua kofia.

Wa Pissarro hakuombi lolote. Kaondolewa anga, kaondolewa kundi, kaondolewa hata uwanda. Kabaki na majani na kijiti. Nani angevua kofia kwa mtoto anayechezea kijiti? Ungempita njiani ukamwambia "hujambo" na kuendelea.

14 Juni

Kichwa kimenishinda. Kila nikikichora kinalala. Nimekifanya mara tatu, na mara tatu binti kasinzia.

Nimemwomba mpwa wangu, ana miaka 13, akae kwenye kilima nyuma ya nyumba na kijiti cha mwarobaini mkononi.

"Mjomba, nikae mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nikwambie."

"Na hao mbuzi wako wapi?"

Nikamwambia mchoraji hakuwaweka. Akaguna. Dakika tano hazijaisha kijiti kimeanguka, ametoa simu ya mama yake. Nilitaka kufoka, nikaona mkao haujabadilika hata kidogo. Kichwa kimeinama, mabega yamelegea, vidole vinafanya kazi yao. Nikachora hivyohivyo. Kwa shingo msaada wake ulikuwa mdogo, maana mtu wa simu yuko ndani ya simu mzima mzima. Kwa mabega namshukuru, nimemnunulia chipsi.

21 Juni

Mama amekuja kutoka Kondoa kwa ajili ya macho yake. Hajui habari za mradi huu. Ameingia kibandani kutafuta kivuli, akakaa kwenye ndoo, akatazama kitambaa muda mrefu bila kusema.

Kisha: "Huyu analala?"

"Hapana, mama, anapumzika."

"Shingo umeilegeza. Mchunga hapumziki na shingo."

Nikamwambia kichwa kimeinama kwenye mchoro wa asili pia, nikamwonyesha chapa zote mbili, yenye homa na iliyozama. Akazisogeza karibu na jicho lake zima.

"Kainama, sawa. Lakini anasikiliza. Sisi tulikuwa hatuangalii mbuzi, nani anaweza kuangalia mbuzi kutwa? Unasikiliza. Ukisikia wanavunja majani, unaendelea na mambo yako. Kikitokea kimya, unaruka." Akanyoosha kidole, si kwenye picha bali kuipita, kwenye mlango nilikokuwa nimesimama. "Wako huku. Wako nyuma yako wewe."

Miaka 30 nimesahau kile kimya. Mbuzi wakiingia shamba la mtu hunyamaza. Mahindi ni laini, hayavunjiki kama vichaka. Ukisikia kimya, umeshachelewa, na fimbo uliyoshika ndiyo utakayopigiwa jioni.

Sijui kama Pissarro alifikiria kundi liko upande gani. Ninachojua ni kwamba baada ya mama kwenda kulala nilikwangua shingo na kuianza upya. Nimeinua mstari wa nyuma ya shingo kwa upana wa punje ya mchele. Nimeweka waridi kavu chini ya sikio na kijani baridi pembeni yake, ili sikio litokeze kidogo tu. Hayazidi mabadiliko ya dakika ishirini. Nimerudi hatua nne. Ameamka.

28 Juni

Kifimbo. Nilikuwa nimekiacha cha mwisho kama mtu anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Jaribio la kwanza: brashi ya mstari, ile ndefu ya nywele chache ninayoandikia herufi za mkato. Mkono wangu hautetemeki, ninajivunia hilo. Nikavuta mara moja. Ulikuwa mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuvuta, na uliiua picha nzima. Herufi. Binti kashika herufi I. Nimefuta kwa kitambaa chenye tapentaini.

Jaribio la pili: nikaukatakata mstari kwa nukta ili ufanane na mazingira. Ukawa mwiba wa nungunungu.

Jaribio la tatu nilisubiri siku mbili mpaka majani ya jirani yaanze kushika. Sikuchora kifimbo. Nilichora majani ya upande huu, kisha majani ya upande wa pili, nikabana kati yake ufa wa rangi ya hudhurungi iliyopauka, mahali pengine pana, mahali pengine panapotea kabisa na jicho linajaza lenyewe. Brashi saba kwa jumla, nimezihesabu. Karibu na vidole nimekolea kidogo, kwa sababu hapo ndipo panaposhikwa kweli.

Kimekaa. Hakijakaa kama chake, lakini hakisomeki tena kama bango.

5 Julai

Sijagusa kwa wiki nzima. Nimezunguka na kazi za watu: gereji, kanisa, pikipiki tano za chama cha bodaboda. Kila nikirudi kibandani natazama kutoka mlangoni, pale alipoonyesha mama. Kuna kona ya chini ambayo kijani chake bado ni kisamvu kilichoungua. Uso umebaki na ubaridi ambao sijui nimeupata wapi. Mkono mmoja umekuwa mkubwa, wa mtu mzima aliyelima. Huo nimeuacha. Nimewajua mabinti wengi wa miaka hiyo wenye mikono hiyo.

Upande wa wekundu wa kile alichovaa kichwani nimeongeza brashi mbili tu, na majani yote ya nyuma yakaonekana kijani zaidi bila kuguswa. Fundi wa redio aliyekuwa amekuja kuchaji simu akauliza nimepaka upya lini. Nikamwambia sijapaka. Hakuamini.

19 Julai

Kavu ya kushikika. Kavu ya kweli itachukua miezi, unene wa kwenye gauni labda nusu mwaka.

Sikuweka sahihi ya Pissarro. Yangu pia sikuiweka mbele. Nimegeuza fremu na kuandika kwa penseli nyuma, kwenye marekani: nakala ya mchoro wa C. Pissarro wa 1881, uliopo Orsay, imepunguzwa moja ya tano, Tanga. Nikaacha nafasi, nikaongeza mstari mmoja.

Seremala alikuja jioni na fremu ya nje, kazi safi, pembe zimefungana bila msumari kuonekana. Mkononi ana kopo na brashi pana.

"Lete niipige vanishi yote mara moja, picha na fremu, ing'ae."

"Fremu piga. Picha acha."

"Itakuwa imefubaa hivyo hivyo?"

"Ndivyo walivyokuwa wakiipenda."

"Nani hao?"

Nikamgeuzia nyuma asome ule mstari. Pissarro aliwahi kuandika ombi kama hilo kwa Kifaransa nyuma ya picha yake moja, kwa sababu vanishi ingeyapa majani mng'ao wa meza ya sebuleni na vivuli vyake vyote vya zambarau vingezama. Seremala akasoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata maneno: "Tafadhali picha hii isipigwe vanishi."

Akatazama kopo lake.

"Na mteja akitaka?"

"Haiuzwi."

"Basi nimelifungua kopo bure," akasema, akakaa kwenye ile ndoo ya mama na kuanza kupaka fremu.